Chaplaini wa Hospisi Si Mchungaji Aliyekosa Mimbari



Leo sitaandika juu ya mfungo wa mwezi huu wala juu ya mafanikio. Nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo sisi Wapentekoste hatujaipa heshima yake. Ni kazi ya chaplaini, yaani mchungaji wa hospitali, na hasa yule anayewahudumia watu ambao madaktari wamesema ugonjwa wao hautapona. Unaweza kunipinga, lakini soma mpaka mwisho kwanza.

Nimesikia watu wakisema, "Huyo alienda kuwa chaplaini kwa sababu hakuwa na upako wa kuanzisha kanisa." Wengine husema hiyo ni kazi ya Wakatoliki, Waanglikana na Wapresbiteri, sisi tumeitwa kuponya wagonjwa, si kuwasindikiza. Maneno hayo yanamfikia mgonjwa kitandani, mpendwa. Anayasikia. Halafu anabaki peke yake usiku akijiuliza kwa nini yeye hakuponywa.

Niseme wazi nisije nikaeleweka vibaya. Naamini Mungu anaponya. Yakobo 5:14 haijafutwa: wazee waitwe, mafuta yapakwe, maombi yafanyike. Tutaendelea kufanya hivyo kanisani kwetu, na tuna watu hapa ambao ni ushuhuda unaotembea. Lakini fungua 2 Wafalme 13:14. Elisha, yule aliyepokea sehemu maradufu ya roho ya Eliya, aliyemtuma Naamani mtoni akarudi ngozi imekuwa kama ya mtoto, alishikwa na ugonjwa, na ugonjwa huo ndio uliomuua. Si mshale, si uzee tu. Ugonjwa. Na upako ulikuwa bado upo, maana mistari michache mbele, maiti iliyogusa mifupa yake ilifufuka! Nani kati yetu atasimama aseme Elisha alikosa imani?

Hezekia aliomba kwa machozi akaongezewa miaka 15. Miaka hiyo iliisha, naye akafa. Paulo, ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake vilipelekewa wagonjwa wakapona, alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto na kuendelea na safari. Imo katika 2 Timotheo 4:20, mstari ambao sijawahi kuuona umeandikwa kwenye bango la mkutano wa injili.

Sasa, huyu chaplaini anafanya nini hasa?

Chukua mfano wa mama wa miaka 52 mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa hadi kwenye mifupa. Si mtu fulani ninayemjua. Ni mfano tu, lakini wengi wenu mna mama kama huyu nyumbani. Mgongo unamuuma. Hiyo ni kazi ya daktari na muuguzi. Lakini maumivu yake hayaishii mgongoni. Mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu na karo haijalipwa. Hajazungumza na dada yake tangu wagombane juu ya shamba la baba yao. Anaogopa usiku. Na ndani kabisa, mahali ambapo hamwambii mtu, kuna swali: je, Mungu ananiadhibu kwa lile jambo la zamani?

Mpe dawa ya mgongo peke yake na bado atalia. Mwanamke aliyelieleza jambo hili kwa madaktari wa dunia nzima ni Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi. Mgongo wake mwenyewe ukamsumbua, akaacha uuguzi na kuwa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini. Mwaka 1948 alimhudumia mkimbizi Myahudi kutoka Poland, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani mjini London bila jamaa. Wakazungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo watu kama yeye wangeweza kumalizia siku zao kwa amani. Alipokufa alimwachia Saunders pauni 500 za kuanzia. Dada huyo, ambaye alikuwa amemwamini Kristo miaka michache kabla, akarudi darasani akiwa ameshapita miaka 30 akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1957. Hospisi yake, St Christopher's, ilifunguliwa kusini mwa London mwaka 1967. Hesabu mwenyewe: kutoka 1948 hadi 1967 ni miaka 19. Sisi tunataka maono ya Januari yatimie kabla ya Pasaka.

Alichofundisha ni kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana sehemu ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho, na zote zimeshikana kama nyuzi za mkeka. Kwa hiyo wanaomhudumia ni timu: daktari, muuguzi, afisa wa ustawi wa jamii na chaplaini. Kwa Kiswahili wataalamu huita kazi hii huduma shufaa. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziiingize katika mifumo yao ya afya, na Shirika la Afya Duniani linapoieleza, linataja mahitaji ya kiroho waziwazi. Yaani ulimwengu wa madaktari unasema mgonjwa ana roho na roho inahitaji mtu wa kuihudumia, na kanisa lililojaa Roho linauliza, hiyo nayo ni huduma?

Hapa kwetu hospisi si jambo geni. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, pale kwenye eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Daktari wake wa kwanza mkuu alikuwa Anne Merriman, ambaye mwaka 1993 alienda Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda. Leo kuna hospisi Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu, Mombasa na kwingineko, na hospitali nyingi zina kitengo cha huduma hii. Na wengi wenu mnadhani hospisi ni nyumba ambayo mtu anapelekwa kufia. Sivyo. Wagonjwa wengi wa hospisi zetu wanalala kwao. Wanakuja kliniki, au wauguzi wanawatembelea nyumbani. Ukimpeleka mama yako hospisi hujamtupa.

Nirudi kwa yule mama. Chaplaini anaingia wodini, anabisha hodi hata kama hakuna mlango, anamsalimia kwa jina lake, anauliza kama anaweza kuketi. Zingatia hilo neno: anauliza. Kitandani mama huyu hana uamuzi juu ya kitu chochote. Sindano haiulizi, chakula hakiulizi, hata wageni hawaulizi. Huyu mmoja anauliza. Akiambiwa "leo hapana," anaondoka na kurudi kesho.

Akikubaliwa, anakaa. Anasikiliza. Huenda asiombe siku hiyo. Siku ya tatu mama anasema habari ya shamba na dada yake. Chaplaini hahubiri juu ya msamaha kutoka Mathayo 18, ingawa anaijua sura yote. Anauliza, "Ungependa dada yako aje?" Na dada anapigiwa simu, anapanda matatu kutoka Busia, anaingia wodini, na wale wawili wanalia bila kusema neno kwa muda mrefu. Nani amewaponya hapo? Niambieni. Saratani iko palepale, lakini kuna kitu kilichokuwa kimekufa miaka kumi na mmoja, na leo kimefufuka.

Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, pumzi ikimwishia, alipanga nani atamtunza mama yake. Soma Yohana 19:26-27. Yakobo aliwaita wanawe wote akasema nao mmoja mmoja, akawaeleza azikwe wapi, ndipo akaikunja miguu yake kitandani. Watu wa Mungu katika Biblia walipewa nafasi ya kufa wakiwa wamemaliza maneno yao. Sisi tunawanyima wagonjwa wetu nafasi hiyo kwa kuwaambia "usikiri mauti." Mama akianza tu kusema, "Nikiondoka, mwanangu…" tunamkatiza: "Shindwa! Hutakufa!" Anafunga mdomo. Wiki mbili baadaye tuko kwenye matanga, na hakuna anayejua hati ya shamba iko wapi wala mtoto alitakiwa akae na shangazi yupi. Kesi inaenda kwa chifu.

Hili la dawa nalo linaniuma, kwa hiyo nivumilieni. Kuna watu wanaowakataza wagonjwa kunywa mofini. Wengine wanasema ni dawa ya kuharakisha kifo, wengine wanasema ukiinywa umekubali kushindwa kiroho. Si kweli. Mofini ya maji, ikitolewa kwa kipimo sahihi na kwa saa zake, kwa kawaida kila saa nne, haimuui mgonjwa. Inamwondolea maumivu ili aweze kulala, kula, kuzungumza na kuomba. Ndiyo, inafunga choo, na kwa sababu hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha tumbo. Mtu anayepiga kelele za maumivu usiku kucha hawezi hata kusema Baba Yetu. Ukimnyang'anya chupa ile halafu wewe ukarudi nyumbani kulala, umefanya nini? Chaplaini mzuri akikuta hali kama hiyo, anaenda kwa muuguzi na kusema, "Mama huyu anaogopa dawa kwa sababu ya imani yake, tukae naye." Pale mchungaji na muuguzi wanahitajiana.

Basi chaplaini anatoka wapi? Wengi hawakuanza hapo. Utakuta aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa muuguzi, mchungaji wa kanisa dogo, mjane aliyemuuguza mumewe. Lakini kuwa na huruma hakutoshi. Nilisoma chuo cha Biblia, na nashukuru kwa kila siku niliyokaa pale. Tulifundishwa kutayarisha mahubiri, historia ya kanisa, Kigiriki kidogo, namna ya kuendesha mazishi. Hakukuwa na somo la wiki zile sita kabla ya mazishi. Nadhani vyuo vyetu vingi bado viko hivyo.

Mafunzo yapo, na yana historia ya ajabu. Mwaka 1920 mhubiri mmoja wa Marekani, Anton Boisen, alipatwa na ugonjwa wa akili akafungiwa hospitalini. Mtu aliyesomea misitu, akasomea theolojia, akahudumu makanisani, sasa yuko nyuma ya mlango uliofungwa, na anaona kwamba hakuna mchungaji anayeelewa wagonjwa wale wanapitia nini. Alipopona akarudi hospitalini kwa hiari yake. Mwaka 1924 akawa chaplaini wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1925 akaleta wanafunzi wanne wa theolojia wafanye kazi wodini na kujifunza kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Alitaka wamsome mtu aliye hai kwa makini ileile wanayosomea vitabu. Kwa mbegu hiyo yamekua mafunzo ya uchungaji wa hospitali yanayotolewa leo katika nchi nyingi. Mungu alichukua wodi ya vichaa (ndivyo watu walivyoiita) akaifanya chuo.

Katika mafunzo hayo mwanafunzi anamtembelea mgonjwa, kisha anaketi na kuandika mazungumzo yote jinsi anavyoyakumbuka, neno kwa neno. Mgonjwa alisema hivi, mimi nikajibu hivi, akanyamaza, mimi nikaanza kuomba. Kisha wenzake na mwalimu wanayasoma na kumuuliza, "Kwa nini uliomba pale? Alikuwa ameomba maombi, au ni wewe uliyekuwa umeishiwa na la kusema?" Wapendwa, swali hilo lingewatoa jasho wahubiri wengi. Mara nyingi sala zetu ndefu wodini ni njia ya kutoroka swali gumu la mgonjwa. Huko Marekani, anayetaka kuthibitishwa rasmi kama chaplaini wa hospitali kwa kawaida hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili ya theolojia na vipindi vinne vya mafunzo hayo, kila kimoja kisichopungua saa 400. Jumla saa 1,600. Hapa Kenya hospitali za misheni ndizo zilizobeba kazi hii kwa muda mrefu. Tenwek kule Bomet na Kijabe zina idara za machaplaini, na mchungaji anayetaka kujifunza anaweza kuanza kwa kubisha hodi huko.

Kuna jambo moja ambalo najua litawakwaza baadhi yenu. Chaplaini anamhudumia kila mtu. Kitanda cha kwanza Mkatoliki, cha pili Mwislamu, cha tatu mzee ambaye hataki kusikia habari za dini. Kwa Mwislamu, chaplaini anauliza kama angependa imamu wake aitwe, na anahakikisha ameitwa. Utaniuliza, "Pastor, na uinjilisti je?" Nami nakujibu: mtu aliye kitandani na mpira wa dripu mkononi hana uwezo wa kukukimbia. Usitumie udhaifu wake. Akikuuliza habari za tumaini lililo ndani yako, mjibu kwa upole, mwambie yote. Asipouliza, mpe maji. Yesu alisema kuhusu kikombe cha maji baridi, wala hakusema kwamba anayekunywa sharti kwanza aongozwe sala ya toba.

Na niseme hili bila kuzunguka: anayemwendea mgonjwa wa saratani akamwambia apande mbegu ya elfu kumi ili apone, huyo anakula nyumba ya mjane kabla hajawa mjane. Akija kwenu kwa jina la kanisa letu, mfungieni mlango na mnipigie simu.

Kuna mwingine wodini anayesahaulika, naye ni muuguzi. Juma moja anaweza kupoteza wagonjwa wanne aliowazoea kwa majina, kisha anaenda nyumbani kupika ugali kama kwamba hakuna kilichotokea. Chaplaini anamketisha kwenye kile chumba cha chai na kumuuliza amelalaje. Wauguzi walio katika ushirika wetu wanajua ninachosema.

Najua jibu ambalo wengine wameshaandaa. "Pastor, unashusha imani ya watu. Ukileta habari za kufa, wagonjwa watakata tamaa." Nimelipima hilo kwa muda mrefu, na sikubali. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yao bora. Walipofungua vinywa na kuanza kueleza ni dhambi gani iliyomleta pale, ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia kwa yale waliyoyasema. Ayubu alimlilia Mungu, akamlalamikia, akauliza maswali ambayo tungeyakemea kwenye kesha, na Mungu akasema huyo ndiye aliyenena sawasawa. Imani ya mgonjwa haivunjwi na ukweli. Inavunjwa anapogundua kwamba watu wote wanaomzunguka wanamdanganya, na kwamba hawezi kulia mbele ya mchungaji wake kwa sababu atahesabiwa hana imani.

Tunaweza kumwomba Mungu amponye asubuhi na jioni tukamshika mkono akituambia anaogopa. Sioni kinachogongana hapo.

Mwaka jana tulichangia kinanda kipya na spika, na zilipatikana kwa Jumapili tatu. Sijutii; tunaabudu vizuri. Lakini kwa karo ya mtu mmoja kwenda kusomea uchaplaini, kanisa letu halijawahi kufanya mchango hata mara moja, na sidhani makanisa jirani yamefanya. Nimelipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa, na tumekubaliana tuanze na mtu mmoja. Anaweza kuwa mwanamke au mwanamume. Sitafuti msemaji hodari. Namtafuta mtu ambaye amewahi kumuuguza mgonjwa mpaka mwisho, anayejua kunyamaza, anayetunza siri, na ambaye hatapeleka habari za wodini kwenye grupu ya WhatsApp akizipamba kama ombi la maombi. Kama unamjua, au kama ni wewe, nione ofisini Jumanne baada ya maombi ya mchana.

Na ninyi mlio na mgonjwa nyumbani ambaye amerudishwa kutoka hospitalini mkaambiwa mmtunze tu, msikae na jambo hilo peke yenu. Nitumieni ujumbe wa faragha, mniambie mko mtaa gani na saa ambayo mgonjwa huwa macho. Tutakuja wawili, mimi na mama mchungaji au mmoja wa wazee. Tutabeba mafuta na Biblia. Muulizeni kwanza kama anataka tuje.